Koltani chini ya hadubini ya elektroni: kusoma eksirei bila kudanganywa na programu

Elekeza mwale wa elektroni kwenye punje ya koltani, madini ya tantali na niobi, na kabla hujameza funda la chai programu itakuwa imeshaandika majina juu ya vilele vyote: oksijeni, silikoni, dhahabu, manganisi, chuma, shaba. Orodha inapendeza. Tatizo ni kwamba tantali haimo na niobi haimo, yaani zile metali mbili zilizomfanya mtu achimbe lile shimo hazionekani. Zimo kweli, ila zimefunikwa na vilele vya elementi nyingine, na programu imechagua jina lililokuwa karibu zaidi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa jiolojia, fundi wa maabara au mtu yeyote aliyepewa saa chache kwenye hadubini ya elektroni, ile tunayoiita SEM, yenye kigunduzi cha eksirei cha EDS. Mfano wangu ni koltani kwa sababu ndiyo inayochimbwa Kivu na Rwanda, na kwa sababu ina karibu mitego yote ambayo EDS inaweza kukutegea. Ukiisoma vizuri spektra yake, yaani ule mchoro wa vilele, saruji au feldspa haitakusumbua.

Kinachotokea ndani ya punje

Elektroni ya mwale inaingia kwenye atomi na kung'oa elektroni ya tabaka la ndani. Elektroni ya tabaka la juu inashuka kuziba pengo, na tofauti ya nishati inatoka kama eksirei. Henry Moseley alionyesha mwaka 1913 kwamba nishati hiyo inafuata namba ya atomi kwa utaratibu, hivyo kila elementi ina eksirei zake. Pengo likiwa tabaka la K tunapata mistari ya K, likiwa L mistari ya L, na kadhalika hadi M.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Elementi nyepesi kama silikoni tunaziona kwa mstari wa K. Lakini kung'oa elektroni ya K ya niobi kunahitaji takribani keV 19 (kiloelektronivolti, kipimo cha nishati; moja ni eV 1,000), na ya tantali zaidi ya 67, wakati mwale wetu una kilovolti 20. Kwa hiyo metali nzito tunazisoma kwa mistari ya L na M, na mistari hiyo inajazana kati ya keV 1 na 3, palepale ilipo mistari ya K ya silikoni, fosforasi na salfa. Kigunduzi kizuri cha EDS kina uwezo wa kutenganisha wa eV 125 hadi 130, ukipimwa kwenye mstari wa manganisi wa keV 5.9. Huko chini karibu na keV 1.7 hali inakuwa nzuri zaidi, ila tofauti kati ya tantali M na silikoni K ni eV 30 tu. Vilele hivyo viwili vitaonekana kama kimoja, hata ukisubiri mpaka kesho.

Si ajabu basi kwamba wanakemia nao walihangaika na metali hizi. Hatchett aliigundua niobi mwaka 1801 akaiita kolumbi, Ekeberg akaigundua tantali mwaka 1802, kisha mwaka 1809 Wollaston akatangaza kwamba ni kitu kimoja. Ilibidi kusubiri hadi 1844 ndipo Heinrich Rose alipoonyesha kwamba ni mbili.

Kwanza amua swali

EDS kwenye SEM inajibu vizuri maswali ya aina hii: punje hii ni madini gani? Je, ina tabaka za muundo tofauti ndani yake? Hii kasiteriti, yaani madini ya bati, imebeba vipande vya koltani? Taasisi ya sayansi ya ardhi ya Ujerumani, BGR, ilitumia SEM pamoja na vipimo vya leza kutengeneza njia ya kutambua koltani imetoka eneo gani, na njia hiyo ikaingizwa kwenye mpango wa madini wa Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu, ICGLR, wenye makao Bujumbura.

Swali ambalo haijibu ni la bei. Mnunuzi analipa kwa asilimia ya Ta2O5, oksidi ya tantali, iliyomo kwenye mzigo mzima, na wewe unapiga nukta yenye upana wa mikromita chache kwenye punje moja. Mtu akikuletea kifuko akitaka umpe asilimia ya mzigo kwa SEM, mpeleke kwenye maabara ya XRF, inayopiga unga uliosagwa kwa eksirei badala ya elektroni. Pia usitafute kwa EDS kitu kilicho chini ya takribani asilimia 0.1, wala haidrojeni, ambayo haitoi eksirei kabisa. Lithi nayo isahau, ingawa ipo tele kwenye miamba ya pegmatiti inakotoka koltani. Vigunduzi vya kawaida haviioni.

Hatua ya 1: andaa sampuli

Muda mwingi utumie hapa. Mimina mchanga wa madini uwe kichuguu, ubapaze, ukate vipande vinne, chukua viwili vinavyotazamana, changanya, rudia mpaka ubaki na gramu chache. Ukichota tu juu ya kifuko utapata punje nyepesi nyingi kuliko haki yake, kwa sababu nzito huzama chini zikitikiswa njiani.

Mwaga punje kwenye kikombe cha ukungu, jaza risini ya epoksi, acha igande. Kuzama kule kunajirudia hapa: tantalaiti, ile koltani yenye tantali nyingi, ina msongamano wa karibu gramu 8 kwa sentimita ya ujazo, kwatzi 2.65, kwa hiyo kabla risini haijakauka tantalaiti itakuwa sakafuni na kwatzi juu yake. Ukisaga sehemu ya chini tu, sampuli itaonekana tajiri kuliko ilivyo. Dawa yake ni kukata kile kitofali wima, kukigeuza, kukigandisha upya, na kusaga upande uliokatwa, ambao unaonyesha tabaka zote kutoka chini hadi juu.

Saga kwa msasa wa maji, ukianza na namba 600 hadi 1200, kisha ng'arisha kwa almasi ya mikromita 6, 3 na 1. Oshea kwenye chombo cha mawimbi ya sauti kati ya kila hatua. Msasa wenyewe ni silikoni kabidi, na vipande vyake hukwama kwenye nyufa. Ukikuta silikoni ndani ya ufa wa tantalaiti, shuku msasa kwanza. Unga wa alumina kwa kung'arishia nao unaacha alumini. Almasi ni kaboni, na kaboni tutaipaka wenyewe hata hivyo.

Koltani mara nyingi ina urani na thori kidogo. Punje chache si hatari ya kukukimbiza maabara, lakini vumbi lake halifai mapafuni. Saga kwa maji daima, vaa barakoa na glavu, tope lake ulikusanye kwenye chombo chenye lebo badala ya kulimwaga kwenye sinki.

Je, unaweza kubandika punje moja kwa moja kwenye utepe wa kaboni bila kusaga? Unaweza, na utaona elementi zilizopo. Namba usizitoe. Uso wenye mabonde hufunika baadhi ya eksirei zisifike kwenye kigunduzi, na zinazopotea zaidi ni zile za nishati ndogo. Punje hiyohiyo ukiizungusha nusu mzunguko itakupa jibu jingine. Kishikio kiwe cha alumini. Kile cha shaba ya njano kinaweza kutoa mstari wa shaba wa keV 8.05, na tantali Lα (α ni mstari mkuu wa tabaka, β ni mdogo wake) iko 8.15.

Hatua ya 2: paka kaboni

Koltani inapitisha umeme vibaya, na risini haipitishi kabisa, hivyo lazima upake tabaka la kupitisha umeme. Fundi akizoea kupiga picha za wadudu au chavua atakupakia dhahabu bila kuuliza, kwa sababu picha zake hutoka kali. Mzuie. Dhahabu Mα iko keV 2.12 na niobi Lα iko 2.17. Ukishapaka dhahabu, kila punje kwenye kitofali itakuwa na "niobi", au kila niobi itakuwa "dhahabu", ikitegemea programu imeamkaje siku hiyo.

Paka kaboni ya nanomita 15 hadi 20. Weka kipande cha shaba ya njano kilichong'arishwa kando ya sampuli wakati wa kupaka. Rangi yake hubadilika kutoka chungwa kwenda wekundu wa zambarau kisha buluu kadiri kaboni inavyonenepa, na wekundu wa zambarau ndio unaoutaka. Kuunganisha uso na kishikio tumia gundi ya kaboni badala ya rangi ya fedha. Fedha Lα iko 2.98, thori Mα iko karibu 3.00.

Kama mashine yako ina hali ya ombwe hafifu unaweza kuingiza sampuli bila kupaka, ila elektroni zitatawanywa na gesi na kupiga mbali na nukta yako, hata mamia ya mikromita. Kwa punje ndogo zilizobanana hiyo ni kero tupu.

Hatua ya 3: weka mashine

Tumia kilovolti 20. Wengi wanafundishwa 15, na kwa silikati 15 inafaa, lakini hapa tunahitaji mistari ya L ya tantali, ambayo haianzi kuamka mpaka keV 9.88. Kanuni ya kazi ni kwamba mwale uwe na angalau mara moja na nusu, na bora mara mbili, ya nishati hiyo. Kilovolti 20 zinatupa mara mbili. Gharama yake ni kwamba elektroni zinapenya zaidi: kwenye kwatzi ni mikromita 3 hadi 4, kwenye tantalaiti karibu nusu ya hapo. Kipande cha mikromita 1 hakitakupa spektra yake peke yake, kitakuletea na jirani.

Sampuli isiinamishwe, iwe nyuzi 0. Umbali wa kufanyia kazi ni ule uliotajwa na watengenezaji, mara nyingi kati ya milimita 8 na 12, kwa sababu kigunduzi kimeelekezwa hapo na si kwingine. Ukisogeza ili picha ipendeze, hesabu zinashuka na pembe ya kutokea kwa eksirei inayotumika kwenye marekebisho inakuwa si sahihi.

Ongeza mkondo wa mwale mpaka muda mfu ufike asilimia 20 hadi 40. Muda mfu ni ule ambao kigunduzi kiko bize na eksirei moja na hakipokei nyingine. Ukizidisha, eksirei mbili zinafika pamoja na kuhesabiwa kama moja yenye nishati ya jumla. Silikoni mbili, 1.74 na 1.74, zinafanya 3.48, na bati Lα iko 3.44. Kwatzi safi iliyopigwa kwa mkondo mkali inaweza kukuonyesha kasiteriti ambayo haikuwahi kuwepo. Ukishuku hilo, punguza mkondo hadi robo. Kilele cha jumla kitanywea kuliko vingine vyote. Cha bati halisi kitabaki na uwiano wake.

Kabla ya kugusa sampuli, piga kipande safi cha shaba. Mstari wa L unatakiwa ukae keV 0.930 na wa K 8.046. Vikiwa vimehama kwa eV 10 au zaidi, fanya kalibresheni. Kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Hatua ya 4: tazama kwanza kwa elektroni zinazorudi

Usikimbilie spektra. Washa kigunduzi cha elektroni zinazorudi nyuma, punguza ukuzaji, tazama uwanja mzima. Mwangaza hapa unafuata wastani wa namba ya atomi. Kwatzi, feldspa na ulanga zitakuwa kijivu cheusi. Juu yake inakuja kolumbaiti, ile koltani yenye niobi nyingi, kisha kasiteriti, kisha wolframaiti ambayo ni madini ya wolframi, na tantalaiti iking'aa kuliko zote hizo. Rekebisha mwanga na utofauti ili nyepesi isiwe nyeusi tii na nzito isiwe nyeupe pee, kisha uuache hivyo kwa kitofali kizima.

Sasa kuza punje moja inayong'aa. Mara nyingi utaona si rangi moja: kuna mistari au mabaka, kiini cheusi kidogo na pembezoni nyeupe zaidi, mahali ambapo tantali iliongezeka dhidi ya niobi madini yalipokuwa yakikua. Weka alama kwenye picha za nukta utakazopiga, angalau moja kwa kila kivuli, ukikaa mbali na mipaka na nyufa. Ukipiga kwanza na kutafuta maana baadaye, utakuwa na spektra nyingi usizojua zimetoka wapi.

Hatua ya 5: soma spektra kwa macho yako

Piga nukta kwenye sehemu inayong'aa, sekunde 60 za muda hai, yaani bila kuhesabu muda mfu. Kabla ya kutazama majina, nenda mwisho wa kulia wa spektra. Usuli, yaani ile sakafu ya eksirei isiyo ya kilele chochote, unatakiwa ufifie hadi sifuri karibu na keV 20, sawa na volti ulizoweka. Ukiishia 16 au 17, sampuli inajaa chaji, elektroni zinapunguzwa kasi kabla ya kufika, na hakuna namba yoyote hapo ya kuaminiwa. Rudi kwenye kaboni na gundi.

Kisha zima majina ya programu. Hii ndiyo mistari unayoihitaji karibu nawe, kwa keV:

- Tantali: Mα 1.71, Lα 8.15, Lβ 9.34
- Wolframi: Mα 1.78, Lα 8.40, Lβ 9.67
- Silikoni: Kα 1.74
- Niobi: Lα 2.17, Lβ 2.26
- Bati: Lα 3.44, Lβ 3.66
- Kalsiamu: Kα 3.69
- Titani: Kα 4.51
- Manganisi: Kα 5.90, Kβ 6.49
- Chuma: Kα 6.40, Kβ 7.06
- Shaba: Kα 8.05, Kβ 8.90

Kanuni ni moja: kilele hakitembei peke yake, kina ndugu. Mtu akidai ni tantali kwa sababu ya 1.71, muulize ndugu zake wako wapi kwenye 8.15 na 9.34. Wakiwepo, na kwa ukubwa unaolingana, dai linasimama. Wasipokuwepo, hiyo ni silikoni, hata kama programu imeapa.

Tufanye kwa mfano. Mbele yako kuna kilele kirefu karibu na 1.72, cha kati kwenye 2.17 chenye bega upande wa kulia, kimoja 5.90, kimoja kipana kidogo kuanzia 6.4, na viwili vifupi kwenye 8.15 na 9.34. Programu imesema silikoni, dhahabu, manganisi, chuma, shaba. Anza kulia, kwa sababu huko mistari imeachana. Kilele cha 8.15 kingekuwa shaba kingekaa 8.05 na kuwa na mdogo wake 8.90. Mahali pa 8.90 pako tupu, na kuna kitu 9.34. Hiyo ni tantali. Shaba ifute. Dhahabu ingekuwa na Lα kwenye 9.71, hapo napo hakuna kitu, na sampuli ilipakwa kaboni. Kwa hiyo 2.17 na bega lake la 2.26 ni niobi.

Manganisi na chuma yanahitaji subira kidogo. Manganisi Kβ iko 6.49, karibu kabisa na chuma Kα 6.40, na ukubwa wake ni kama sehemu moja ya nane ya Kα yake. Punje yenye manganisi tu itaonyesha "chuma" kidogo. Tazama 7.06, ilipo chuma Kβ: jirani yake pekee hapo kwenye koltani ni mstari mdogo wa tantali wa 7.17, Ll. Ikiwa hakuna kitu 7.06, chuma chako ni manganisi.

Imebaki silikoni, na hii ndiyo ngumu, kwa sababu silikoni haina ndugu wa kumwita. Ina mstari wa K tu, na Kβ yake ya 1.84 ni ndogo mno. Tantali tumeithibitisha kwa mistari ya L, lakini je, kilele cha 1.72 ni tantali yote au kimechanganyika na silikoni? Chukua kipande chembamba cha tantali safi, kipige kwa kilovolti 20 zilezile, mkondo uleule. Weka spektra yake juu ya ya kwako na uilinganishe mpaka Lα za 8.15 zilale sawa. Sasa tazama 1.7. Tofauti ya ufyonzaji kati ya metali safi na madini itazuia zisifanane kabisa, ila kilele chako kikizidi kwa wazi na kimejivuta kulia kuelekea 1.74, kuna silikoni, huenda kipande cha kwatzi au ulanga kiko chini ya nukta. Kikilingana, iondoe silikoni kwenye orodha. Jibu la mwisho kabisa hutolewa na spektromita ya WDS, ambayo hutenganisha eksirei kwa fuwele na ina uwezo wa takribani eV 10. Kama chuo chako kina mashine ya maikroprobu, huo ndio wakati wa kuomba nafasi.

Mitego miwili zaidi, kwa haraka. Kasiteriti huonyesha kalsiamu ya uongo kwa sababu bati Lβ 3.66 inaifunika kalsiamu 3.69; usiiandike mpaka programu itenganishe vilele na mabaki yawe bapa. Na kila kilele kirefu kilicho juu ya keV 1.84 kina kivuli chake keV 1.74 chini yake, kwa kuwa eksirei ya silikoni ya kigunduzi hutoroka na sehemu ya nishati. Cha chuma kinaangukia 4.66, pembeni ya titani.

Hatua ya 6: kutoka vilele hadi namba

Sasa rudishia programu majina uliyoyathibitisha wewe, iamuru ihesabu hizo tu, na oksijeni uipange ihesabiwe kutokana na oksidi. Mstari wa oksijeni uko 0.53, unafyonzwa sana na kaboni uliyopaka na madini yenyewe. Kwa tantali chagua L kama unaogopa silikoni, au M kama umeshathibitisha haipo; M ina hesabu nyingi zaidi, hivyo kosa la kitakwimu ni dogo. Kumbuka kilele cha hesabu 10,000 kina mashaka ya asilimia 1 hata kila kitu kingine kikiwa kamili.

Wazo la kupata kiasi ni la Raymond Castaing, kwenye tasnifu yake ya Paris ya mwaka 1951: linganisha ukali wa mstari kwenye sampuli na ukali wake kwenye kitu unachokijua, kisha rekebisha kwa ajili ya namba ya atomi, ufyonzaji na eksirei zinazozaliwa na eksirei nyingine. Programu nyingi leo zinaruka ile sehemu ya kulinganisha na kutumia data zilizohifadhiwa kiwandani, halafu zinalazimisha jumla iwe asilimia 100. Jumla hiyo haina ushahidi wowote. Ukisahau tantali kabisa, elementi zilizobaki zitatanuka kujaza nafasi yake na jumla itakuwa 100.00, namba mbili baada ya nukta. Zima hilo la kulazimisha. Tumia tantali safi, niobi safi, na madini ya manganisi na chuma unayoyajua, pima mkondo kwa kikombe cha Faraday kabla na baada, kisha uone jumla ya kweli. Kati ya 98 na 102 endelea. 91 ina maana kuna elementi umeisahau, uso haujanyooka, au nukta iko kwenye shimo.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji sampuli rejea, yaani vile vitu unavyovijua vya kulinganishia. Fomula ya kundi hili ni AB2O6, A ikiwa chuma na manganisi, B ikiwa niobi, tantali na titani kidogo. Badilisha matokeo yawe asilimia ya atomi: A inatakiwa ikaribie 11.1, B 22.2, oksijeni 66.7. Chuma na manganisi vikijumlishwa vikatoka nusu ya niobi na tantali, umepiga koltani. A ikizidi sana, labda umechanganya na madini mengine, au ile manganisi Kβ imehesabiwa mara ya pili kama chuma.

Kwa kulinganisha ukali wa jibu lako: tantalaiti kamili ya manganisi, MnTa2O6, ina tantali asilimia 70.6 kwa uzito, sawa na Ta2O5 asilimia 86.2. Kolumbaiti kamili ya chuma, FeNb2O6, ina niobi asilimia 55.0. Punje halisi ziko kati ya pande hizo. Kubadilisha tantali kuwa Ta2O5 zidisha kwa 1.221, niobi kuwa Nb2O5 zidisha kwa 1.431. Ukipata punje yenye Ta2O5 asilimia 90 kwenye muundo wa AB2O6, usifungue shampeni, angalia hesabu.

Hatua ya 7: ramani, kama kweli unazihitaji

Ramani za rangi zinapendwa kwenye mawasilisho kuliko zinavyostahili. Ukiacha programu ichore ramani ya tantali kwa dirisha la 1.71, kwatzi yote itawaka na utaambiwa mlima mzima ni tantali. Chagua Lα ya 8.15, au washa ramani zilizotenganishwa vilele na kuondolewa usuli. Hata hivyo punje nzito huonekana kung'aa kidogo kwenye ramani ya kila elementi, kwa sababu usuli wake wenyewe ni mkubwa. Ukiona "kromiamu" yenye umbo lilelile kabisa la tantalaiti, piga nukta hapo uone kama kuna kilele.

Punguza muda wa uchakataji wa kigunduzi ili kipokee hesabu nyingi, acha ramani iende nusu saa au zaidi, na hakikisha kwanza sampuli haitembei kwa kujaa chaji.

Hatua ya 8: unachoandika kwenye ripoti

Taja kilovolti, mkondo, umbali wa kufanyia kazi, muda hai, aina ya tabaka lililopakwa, mstari uliotumika kwa kila elementi, kama sampuli rejea zilitumika au hapana, na jumla kabla ya kulazimishwa 100. Weka spektra angalau moja kwa kila aina ya madini, yenye mhimili wima ulioonyeshwa kwa logi ili vilele vidogo vionekane. Nambari za desimali ziendane na mashaka yako: "Ta 41.37" kutoka kwa kipimo kisicho na sampuli rejea ni urembo, andika 41.

Elementi uliyoitafuta ukaikosa iandikwe "haikuonekana, chini ya takribani asilimia 0.1", kamwe usiandike "haipo". Na faili zenyewe za spektra zihifadhi pamoja na picha zenye alama za nukta, kwa sababu msomaji wa ripoti atakapouliza kama ile ilikuwa silikoni au tantali, picha ya skrini haitamjibu. Faili ghafi litamjibu.